Ubingwa wa gemu: Kidole chepesi hakitoshi, kuna pointi, mwaliko na viza

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

KWA wazazi wengi wa kwetu, wawe Tandika, Mombasa, Bujumbura, Muscat au hapa Uingereza, gemu ni kitu kimoja tu: kijana amekaa mbele ya runinga, pedi mkononi, vitabu vimelala. Ukimwambia mzazi huyo kwamba Oktoba 2021, katika jiji la Bucharest nchini Romania, timu ya vijana watano iliondoka na zaidi ya dola milioni 18 za Marekani kwa kushinda mchezo wa kompyuta uitwao Dota 2, atakuuliza kama umeamka salama.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Timu hiyo ni Team Spirit, na jumla ya zawadi katika mashindano hayo, yanayoitwa The International, ilikuwa dola 40,018,195. Wapo wanasoka wengi wa ligi zetu za Afrika Mashariki ambao hawatazigusa fedha kama hizo hata wakicheza miaka mia.

Makala haya hayakusudii kumshawishi mtu amwachishe mwanawe shule. La hasha! Kwa kila kijana aliyepanda jukwaa lile, wapo maelfu waliokesha wakaambulia macho mekundu. Ninachotaka tukitazame ni kitu kingine, ambacho magazeti yetu hayakigusi kabisa: hao waliofika fainali walifikaje? Nani alipanga foleni? Na kwa nini kijana wa kwetu, hata akiwa hodari kupita wenzake wote wa mtaani, huishia mlangoni?

MPIRA HAUNA MWENYEWE, GEMU LINA MWENYEWE

Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Ukitaka kuanzisha kombe la mtaa, unatafuta uwanja, mbuzi wa zawadi na filimbi. Hakuna mtu wa Zurich atakayekudai ada. FIFA inasimamia Kombe la Dunia, lakini mchezo wenyewe ni wa kila mtu.

Gemu sivyo. Gemu ni mali ya kampuni iliyolitengeneza. Dota 2 ni ya Valve ya Marekani. League of Legends ni ya Riot Games. Tekken ni ya Bandai Namco ya Japani, na Street Fighter ni ya Capcom, pia ya Japani. Kampuni ndiyo inayoamua msimu uanze lini, mashindano gani yahesabiwe, na kanda ipi ipewe nafasi ngapi. Ikiamka na wazo jipya, kanuni za jana hazipo tena. Hakuna chama cha taifa cha kukata rufaa wala mkutano mkuu ambamo Tanzania ina kura moja sawa na Ujerumani.

Kwa hiyo hakuna njia moja ya kufuzu. Zipo nne kubwa, na michezo mingi huchanganya mbili au tatu kwa pamoja. Tuzitazame moja moja, maana kila moja ina mtu inayemsaidia na mtu inayemwacha nje.

NJIA YA KWANZA: KUKUSANYA POINTI

Mfano mzuri ni Tekken, mchezo wa ngumi na mateke ambao vijana wetu wameucheza kwenye mabanda ya PlayStation tangu miaka ya 1990. Mwaka 2017 Bandai Namco ilianzisha mzunguko uitwao Tekken World Tour. Kwa mwaka mzima kunakuwa na mashindano katika nchi mbalimbali, na kila shindano lina daraja lake. Makubwa yanatoa pointi nyingi, ya kati yanatoa za kati, na madogo yanatoa chache. Mwisho wa msimu, wenye pointi nyingi wanakwenda fainali.

Mwaka 2019 fainali ilifanyika Bangkok, Thailand, ikiwa na wachezaji 20. Kumi na tisa walitoka kwenye orodha ya pointi. Nafasi ya 20 iliachwa kwa mchujo wa mwisho, uliofanyika hapo hapo kabla ya pazia kufunguliwa, kwa yeyote aliyekosa pointi lakini akafika Bangkok kwa gharama zake. Bingwa alikuwa Chikurin wa Japani.

Uzuri wa pointi ni kwamba hazimpi ubingwa mtu wa bahati ya siku moja. Unatakiwa uwe imara Januari na uwe imara Novemba. Lakini hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme shindano kubwa linampa mshindi pointi 300, na anayeshika nafasi ya tisa anapata 50. Juma amehudhuria mashindano manane mwaka mzima, na kote ameshika nafasi ya tisa. Ana pointi 400. Saidi amehudhuria moja tu, akashinda wote, Juma akiwemo. Ana 300. Juma yuko juu ya Saidi.

Je, Juma ni hodari kuliko Saidi? Labda hapana. Lakini Juma ana tiketi nane za ndege. Orodha ya pointi, ukiisoma vizuri, inapima vitu viwili kwa wakati mmoja: uhodari wa mikono na unene wa mfuko.

Waandaaji nao waliliona hilo. Msimu wa 2019 waliongeza daraja jipya la mashindano madogo ya mitaani, yaliyoitwa Dojo, ambayo jamii yoyote ya wachezaji ingeweza kuomba kuyaandaa kwao na yakahesabika kwenye mzunguko wa dunia. Pointi zake zilikuwa chache, lakini hoja yake ilikuwa kubwa: badala ya mchezaji kuzifuata pointi, pointi zimfuate mchezaji. Tulikumbuke hili, tutalirudia.

NJIA YA PILI: MLANGO WAZI

Njia hii haina orodha. Mfano wake ni EVO, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Las Vegas, Marekani. Pale bingwa wa dunia na mwanafunzi wa sekondari wanajiandikisha kwa namna ile ile: unalipa kiingilio, unapewa nambari, unaanza raundi ya kwanza. Hakuna kufuzu.

Mfumo wake ni wa mtoano, lakini hutolewi mpaka ufungwe mara mbili. Ukifungwa mara ya kwanza unashuka upande wa waliofungwa, ambako unaendelea kupambana. Ukifungwa tena, safari imekwisha. Wakiwa wachezaji 1,024, asiyefungwa hata mara moja anatakiwa ashinde mechi 10 ili afike fainali kuu. Aliyeteleza mapema anaweza kucheza karibu mara mbili ya hizo. Na mechi zote kwa jumla zinazidi 2,000, ndani ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana ukumbi wa EVO unafanana na soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Hata michezo ya timu inao mlango huu. Mwaka 2018, timu ya OG ilipatwa na msiba wa aina yake kwenye Dota 2. Wachezaji wake wawili waliondoka ghafla wakati msimu uko ukingoni. Kwa kuwa kikosi kilibadilika baada ya muda uliowekwa, OG ilipoteza haki ya kupita njia ya pointi. Ikabidi ianzie chini kabisa, kwenye mchujo wa wazi ambao timu yoyote yenye watu watano na kompyuta inaweza kujiandikisha. Wakapita. Wakaingia mchujo wa kanda ya Ulaya. Wakapita. Agosti 2018, huko Vancouver, Kanada, wakatwaa ubingwa wa dunia na zaidi ya dola milioni 11. Mwaka uliofuata, huko Shanghai, wakawa timu ya kwanza kutetea ubingwa huo.

Na hao Team Spirit niliowataja mwanzo? Hawakuwa miongoni mwa timu 12 zilizofuzu kwa pointi mwaka 2021. Waliingia kwa mchujo wa kanda yao, Ulaya ya Mashariki. Kwa maneno mengine, mara mbili katika miaka minne, taji kubwa kuliko yote ya Dota 2 lilikwenda kwa timu ambayo orodha ya pointi ilikuwa imeiacha nje. Asiyependa mlango wazi ana la kujibu hapo.

NJIA YA TATU: LIGI ZA KANDA

Valve iliijaribu njia hii kwa Dota 2. Mwaka 2017 ilianzisha msimu rasmi wa pointi. Mara ya kwanza pointi zilihesabiwa kwa mchezaji mmoja mmoja, na timu nane za juu zikapata mwaliko. Kukawa na vurugu za uhamisho, hivyo msimu wa pili pointi zikawa za timu, na waliofuzu wakawa 12.

Mwaka 2021 ikaja ligi kamili. Dunia iligawanywa kanda sita, na kila kanda ikawa na daraja la kwanza na la pili, timu nane kila daraja. Waliofanya vibaya walishuka, waliofanya vizuri walipanda, kama tulivyozoea kwenye soka. Wa juu walikutana kwenye mashindano makubwa ya kanda zote, wakagombea pointi zaidi. Kati ya timu 18 za Bucharest, 12 zilipita kwa pointi hizo na sita zilipita kwa mchujo, moja kila kanda.

Faida ya ligi ni kwamba mchezaji ana kazi ya kudumu. Anajua wiki ijayo atacheza na nani, mdhamini anajua jina lake litaonekana lini, na timu inaweza kulipa mshahara. Hiki ndicho kinachogeuza mchezo kuwa ajira.

Zitajwe kanda zenyewe: Ulaya ya Magharibi, Ulaya ya Mashariki, China, Asia ya Kusini Mashariki, Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Hesabu tena, msomaji. Ni sita. Afrika iko wapi?

NJIA YA NNE: MWALIKO

Septemba 2023 Valve ilitangaza kuuvunja mfumo ule wote. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni nyingi zilikuwa zimewafunga mikono waandaaji, na mashindano yakawa yanafanana kama pacha. Tangu hapo, The International hujazwa kwa njia mbili: baadhi ya timu hualikwa moja kwa moja na kampuni, na nyingine hupita kwenye mchujo wa kanda. Fedha nazo zilikwishapungua. Zamani robo ya mauzo ya kitabu maalumu cha msimu, ambacho mashabiki walikinunua ndani ya gemu, iliingia kwenye mfuko wa zawadi. Mpango huo ulipobadilishwa, mfuko ukanywea. Mashindano ya Copenhagen ya 2024 yalikuwa na chini ya dola milioni 3.

Wakati Valve ikirudi nyuma, fedha zilihamia Ghuba. Mwaka 2024 Riyadh, Saudi Arabia, iliandaa kwa mara ya kwanza Esports World Cup, yenye zawadi za zaidi ya dola milioni 60 katika michezo mingi kwa pamoja. Mwaka 2025 zilipita milioni 70. Hapo kuna ubingwa wa juu ya ubingwa: klabu hukusanya pointi kutoka kila mchezo inaoshiriki, na yenye nyingi, iwapo imeshinda walau mchezo mmoja, inapewa kombe la klabu na dola milioni 7. Miaka yote miwili lilichukuliwa na Team Falcons, klabu ya Saudi Arabia yenyewe.

Mfumo huu unaipendelea klabu yenye vikosi vingi. Kijana mmoja hodari, hata ashinde mchezo wake, hawezi peke yake kugombea kombe hilo. Na klabu yenye vikosi vingi ni klabu yenye tajiri nyuma yake. Wasomaji wetu wa Muscat na Dubai wanalielewa hili bila kuelezwa.

KIJANA WA LAHORE

Sasa nisimulie kisa kimoja ambacho kila mpenzi wa michezo ya kupigana anakijua, kwa sababu kinatugusa sisi kuliko kinavyowagusa Wajapani na Wakorea.

Kwa miaka mingi Tekken ilikuwa ya Korea Kusini na Japani. Wengine walikuwa wasindikizaji. Februari 2019, mjini Fukuoka, Japani, kukafanyika EVO ya Japani. Akatokea kijana wa Pakistani, Arslan Siddique, ajulikanaye kama Arslan Ash. Safari yake kutoka Lahore ilivurugwa na shida za viza na ndege, akafika amechoka hoi. Wengi hawakumjua. Akashinda wote, na fainali akamfunga Mfilipino AK.

Baada ya ushindi akasema kwamba kwao Pakistani wapo wengine wakali kama yeye. Watu walidhani ni majigambo. Miezi michache baadaye alikwenda Las Vegas, akatwaa EVO kubwa kwa kumfunga Mkorea Knee, mmoja wa wachezaji wanaoheshimiwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Akalirudia taji hilo la Las Vegas mwaka 2023, 2024 na 2025. Na fainali ya Tekken World Tour ya msimu wa 2022 ikachukuliwa na Mpakistani mwingine, Atif Butt. Kumbe hayakuwa majigambo.

Somo ni hili. Lahore ilikuwa imejaa mabingwa kwa miaka, lakini orodha ya pointi haikuwaonyesha, kwa sababu orodha ilikuwa inawahesabu waliosafiri. Walicheza wao kwa wao kwenye vibanda, wakanoana, dunia haijui. Siku mmoja alipopenya mlangoni, ikabidi historia iandikwe upya.

Je, nani anaweza kuapa kwamba hakuna Lahore nyingine iliyojificha Kariobangi, Manzese au Goma?

VIZA NDIYO RAUNDI YA KWANZA

Kenya tayari wapo waliopenya kidogo. Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, ni mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya nje ya nchi, jambo ambalo lilikuwa halijazoeleka kwa msichana wa Afrika Mashariki. Lakini mmoja mmoja si mfumo.

Mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam akitaka kushiriki mashindano matatu ya Ulaya na Marekani, kabla hajagusa pedi ana kibarua kingine. Ada ya viza ya Marekani kwa mgeni ni dola 185. Ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90. Ukikataliwa, hurudishiwi. Unatakiwa uonyeshe akaunti ya benki, barua ya kazi, na sababu za kuaminisha kwamba utarudi. Kijana wa miaka 19 ambaye kazi yake ni gemu atapeleka barua gani ya mwajiri? Ofisa wa ubalozi atamtazama kama mzazi wa Tandika anavyomtazama.

Niandikaye haya nasafiri na hati ya mkimbizi, si pasi ya nchi yangu. Najua foleni hizo zilivyo, na najua jinsi karatasi inavyoweza kuamua wewe ni nani kabla hujafungua kinywa. Kwa hiyo nisomapo kanuni inayosema shindano liko wazi kwa wote, nauliza kwanza: liko nchi gani?

Hebu tuwachukue watoto wawili wa ndugu, tuseme mmoja amezaliwa Leicester na mwingine amezaliwa Tanga. Wote wanapenda gemu moja, na likizo ya Desemba wakikutana kwa bibi, wa Tanga anamfunga wa Leicester kila siku. Lakini kanuni nyingi za mchujo humhesabu mchezaji pale anapoishi. Wa Leicester ana kanda, ana seva ya karibu, ana pasi inayomfikisha Amsterdam bila kuomba. Wa Tanga ana uhodari tu. Msimu ukiisha, jina litakalosomeka kwenye orodha ni la yule aliyefungwa kwa bibi.

INTANETI NAYO INA UMBALI

Wapo watakaosema: si wacheze mtandaoni? Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, mzunguko wa Tekken ulisitishwa, na mashindano ya mchezo huo yakahamia mtandaoni kwa kanda. Lakini mtandao hauondoi umbali, unauficha tu.

Tazama hesabu. Mwanga ndani ya nyaya za chini ya bahari husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni sehemu 63 za elfu moja za sekunde. Gemu la Tekken huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila sehemu 17 hivi za elfu. Kwa hiyo mchezaji wa Nairobi tayari yuko nyuma karibu picha nne. Ngumi za haraka kuliko zote katika Tekken hutoka kwa picha 10. Na waya wenyewe haunyooki, unazunguka Bahari ya Shamu na vituo kadhaa, hivyo hali halisi ni mbaya zaidi. Programu za siku hizi zinajitahidi kuuficha ucheleweshaji huo, lakini katika mchezo unaoamuliwa kwa kufumba na kufumbua, kilichofichwa bado kipo.

Tumetoka mbali, tusikufuru. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, tulitegemea setilaiti, na kucheza na mtu wa Ulaya ilikuwa kama kupiga soga kwa barua. Lakini kulazimishwa kufuzu kupitia seva za Ulaya ni sawa na kukimbia mita mia ukiwa umeanzia mita kumi nyuma ya mstari.

TUMEWAHI KUPITA HAPA: MWAKA 1966

Kwa wapenzi wa soka, habari hii si ngeni. Kombe la Dunia la 1966 hapa Uingereza lilikuwa na timu 16. Afrika, Asia na Oceania, mabara yote hayo kwa pamoja, yalipewa nafasi moja. Bingwa wa Afrika alitakiwa acheze tena na wa huko kwingine ndipo apate tiketi. Ghana ya Kwame Nkrumah ikaongoza upinzani, na nchi za Afrika zikasusa mchujo mzima. Hakuna timu ya Afrika iliyocheza Uingereza mwaka ule.

Wapo waliosema Waafrika wamejipiga wenyewe. Lakini Kombe lililofuata, Mexico 1970, Afrika ilipewa nafasi yake, na Morocco ikaenda. Mwaka 1974 wakaenda Zaire. Mwaka 1982 nafasi zikawa mbili, mwaka 1998 zikawa tano. Kwa Kombe la 2026, lenye timu 48, Afrika imetengewa tisa za moja kwa moja na njia ya kupata ya kumi.

Hakuna aliyetugawia nafasi hizo kwa huruma. Zilidaiwa. Na zilipopatikana, wachezaji ambao hapo awali waliambiwa hawapo, wakaonekana.

TUFANYE NINI?

Kwenye gemu hatuna FIFA ya kuisusia, na kampuni haiogopi mgomo wa watu ambao hawajawa wateja wakubwa. Hata hivyo yapo mambo ya kufanya, na mengine hayahitaji serikali.

Kwanza, wanaoandaa mashindano Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali wadai yahesabiwe kwenye mizunguko ya dunia. Mfano wa Dojo unaonyesha kwamba kampuni inaweza kukubali shindano la mtaa litoe pointi. Capcom nayo, katika mzunguko wake wa Street Fighter, imekuwa na mashindano ya kanda yanayotoa tiketi, Afrika ikiwemo. Na zawadi si ndogo: bingwa wa Capcom Cup ya 2024 aliondoka na dola milioni moja. Mlango ukifunguliwa hata upana wa kidole, tuweke mguu.

Pili, takwimu. Lahore haikujulikana kwa sababu hakuna aliyeandika. Kila shindano la mtaani liwe na orodha ya washiriki, matokeo na video. Kampuni haiwezi kupewa hoja ya kanda mpya kwa maneno ya barazani. Inataka kuona watu wangapi wanacheza na wangapi wanatazama.

Tatu, sisi tulio ughaibuni. Tunachanga kwa misiba, harusi na timu za mpira za kijijini, na ni jambo jema. Kijana wa gemu anahitaji barua ya mwaliko, sofa ya kulala siku nne na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Hivyo ni vitu tunavyo. Tiketi ya kwanza ndiyo ngumu. Akishaonekana, wadhamini watamtafuta wenyewe, kama walivyomtafuta kijana wa Lahore.

Nne, wazazi. Msiwadanganye watoto kwamba gemu ni upuuzi, maana wanajua si kweli na wataacha kuwasikiliza kwa mengine. Lakini msiwaache pia wadhani ni njia ya mkato. Waonyesheni hesabu: timu 18 Bucharest, wachezaji 20 Bangkok, dunia nzima. Masomo kwanza, na saa za kucheza zijulikane. Na wachungeni sana na kamari za mtandaoni, ambazo siku hizi zimejibanza pembeni ya kila mechi, za gemu na za mpira sawia.

Mwisho, vyombo vyetu vya habari. Tunaandika kurasa nzima kuhusu nani amesajiliwa Manchester, mji ambao wengi wetu hatutaufikia. Vijana wetu wanashindana kila Jumamosi kwenye kibanda chenye runinga mbili nyuma ya soko, na hakuna mwandishi anayekwenda kuandika nani ameshinda. Mhariri mmoja akituma mwandishi mmoja Jumamosi ijayo, na matokeo yakachapwa kwa majina, orodha itakuwa imeanza.